Miaka Kumi na Miwili Bila Kushika Karata

Wewe unayesoma, nakuhesabu kama shoga yangu wa ndani, yule ambaye nikimwambia la nyumbani kwangu silali na wasiwasi. Basi kaa vizuri nikusimulie. Ukisikia neno karata usinikunjie uso kwanza. Mie ni mtu wa swala tano, na kamari haijapata kuvuka kizingiti cha nyumba yangu hapa Wawi. Karata ninazozisema hazina pesa ndani yake. Ni wanawake wanne juu ya mkeka, baada ya Alasiri, na birika la chai ya mchaichai pembeni. Wapo wanaosema hata hizo ni makuruhu, jambo lisilopendeza katika dini, na mie siwabishii. Nasimulia nilichokiona kwa macho yangu.

Ninayetaka kukusimulia habari zake ni mamamkwe wangu. Mwembamba, mrefu, mgongo wake umenyooka hata akiwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi. Nimeishi naye nyumba moja miaka ishirini na mitatu. Nilipoolewa nilikuwa simjui, nikamwogopa. Siku hizi namjua, na bado namwogopa kidogo, lakini ni kuogopa kwa namna nyingine, kama unavyomwogopa mtu unayetaka akuone umefanya vizuri.

Zamani alikuwa bingwa wa wahedi wa sitini. Huu ni mchezo wa karata arubaini: nane, tisa na kumi zinatolewa. Mnakaa wanne, kila mmoja karata kumi, na mwenzako ni yule aliye mbele yako, si wa ubavuni. Ree ndiyo kubwa, ina kumi na moja. Ya pili yake ni seti, yaani saba, ina kumi. Kisha wazungu watatu, zile karata za picha: wa nne, wa tatu na wa pili, na hesabu zao ni hizo hizo za majina yao. Ukijumlisha zote unapata mia na ishirini. Atakayefikisha sitini na moja kashinda. Aina za karata ni nne, kopa na uru nyekundu, shupaza na pao nyeusi, na kanuni moja haina mchezo: ikitiwa shupaza na wewe unayo shupaza, lazima utie shupaza. Kama huna, ndipo unaruhusiwa kukata kwa turufu, aina iliyochaguliwa kuzipiga nyingine. Ukiwa nayo usiitie, hiyo inaitwa kuficha, na ukigundulika nyie wawili mmefungwa hapo hapo, hata kama mlikuwa mnaongoza.

Mwenzake wa siku zote alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa Wambaa kwa wavuvi. Watu wananihadithia kuwa wawili hawa wakikaa mbele kwa mbele, hakuna nyumba ya harusi kuanzia mjini Chake mpaka huko pwani iliyowaweza. Walikuwa hawapeani ishara, wala hawakonyezani. Mmoja akitia karata, mwingine anajua kilichobaki mkononi mwa mwenzake.

Sasa sikiliza kilichowavunja. Katika harusi moja hapa hapa Wawi, mie nilikuwapo, nagawa sahani, mama mdogo, huyo huyo mdogo wake, alificha. Ilitiwa uru akakata, na baadaye uru ikatoka mkononi mwake. Wale waliokuwa wakicheza nao walipiga kelele mpaka jikoni tukasikia. Mamamkwe alisimama. Badala ya kunyamaza akasema, mbele ya wanawake wote wa harusi:

"Mie sikujua kama nacheza na mwizi."

Mdogo wake akamtazama. Akachukua kanga yake, akatoka, akaenda zake Wambaa kabla ya biriani. Na mamamkwe, kwa hasira na kwa aibu, akasema: "Wallahi, sishiki karata tena mpaka naingia kaburini." Watu wakasema astaghfirullahi, lakini kiapo kishatoka.

Tangu siku hiyo miaka kumi na miwili. Usidhani hawakusemeshana. Tumefundishwa kuwa Muislamu hamkati nduguye zaidi ya siku tatu, na wote wawili ni watu wa dini. Walisalimiana. Kwenye misiba walikaa mkeka mmoja. Lakini salamu ile ilikuwa kama ya karani wa posta, unapewa huku mtu anatazama pengine. Mama mdogo akaendelea na karata zake kule Wambaa, kila Alhamisi. Mamamkwe hakugusa hata moja. Wanangu walipokuwa wakicheza barazani alikuwa anapita kando, kama anayekwepa dimbwi.

Kisha Mwenyezi Mungu akamwandikia Hijja.

Unajua kwetu mtu hendi Makka hivi hivi. Lazima azunguke kutaka radhi. Mamamkwe alizunguka majirani wote, alimwendea mpaka mwanamke aliyegombana naye kwa kuku. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Nasafiri, nisamehe nilipokukosea," na kila mlango ukamwambia, "Umesamehewa, tuombee." Mdogo wake alimwachia mwisho. Na hakwenda, akampigia simu. Simu aliishika mume wangu, akaweka sauti kubwa, mie niko pale nachambua mchele.

"Mdogo wangu, nasafiri. Nataka radhi zako."

"Radhi za nini, dada?"

"Nilipokukosea."

"Wapi huko uliponikosea?"

Upande wa pili tukasikia kuku wanalia, na mtu anachota maji. Kisha mama mdogo akasema:

"Dada, mie sina radhi za kwenye simu. Uliponivunjia heshima ilikuwa mkekani, mbele ya watu. Ukizitaka radhi zangu njoo mkekani. Kaa mbele yangu, tucheze mchezo mmoja, kama zamani. Basi."

"Nimeapa, unajua."

"Najua. Nilisikia nikiwa barabarani."

Simu ikakatika. Mume wangu akasema, "Mama mdogo naye ana mambo! Mtu anakwenda Hijja anamwita kwenye karata?" Mamamkwe akamnyamazisha kwa mkono. Akazungusha tasbihi, kisha akasema polepole: "Ana haki."

Nikaona hali yake siku zile ilivyokuwa. Nguo za ihramu zimo begini, siku zimebaki kumi na moja, na mwanamke huyu hawezi kula. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunafua: "Mwanangu, nitasimamaje kule, na wa tumbo moja na mie kanifungia kifua?" Nikamwendea ustadhi anayewasomesha wanangu, nikamweleza yote, nikiwa nimeshajitayarisha kuchekwa. Hakucheka. Akauliza kama kuna kuwekeana pesa, nikasema hakuna. Akasema kiapo kinachomzuia mtu kuunga udugu si cha kukishikilia. Akivunje, atoe kafara, alishe masikini kumi, aende kwa nduguye.

Kafara alipika mwenyewe. Nilitaka kumsaidia akaniambia nikae mbali na jiko lake. Wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchuzi wa bamia. Sahani kumi, na mie nikazipeleka moja moja nyumba alizonitajia. Ya mwisho iliporudi tupu akaosha mikono, akasema, "Haya. Hilo limekwisha. Sasa nitamwendea Jumapili, na sijui kama bado najua kucheza."

Hapo ndipo nyumba yetu ilipogawanyika. Mume wangu alisema hilo si la kujiuliza. "Mama, kitu ulichokicheza miaka thelathini kinatokaje? Kimeshaingia damuni." Mie nikambishia. Nina sababu zangu. Mie skuli niliiacha darasa la sita, nikarudi nikiwa na miaka arubaini na moja, kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima. Mwezi wa Ramadhani hatukusoma. Nilivyorudi, kugawa kwa desimali kulikuwa kumeniponyoka kabisa, kama sijapata kufundishwa, na mwezi mmoja tu huo. Na Qur'ani ndiyo usiseme. Juzuu niliyoihifadhi nikiwa msichana, nikiiacha wiki mbili naanza kuchanganya aya. Kisichorudiwa kinaondoka. Miaka kumi na miwili si mchezo.

Mamamkwe akasema, "Nyie bishaneni, mie nasuka ukili wa mkeka."

Nikamwambia basi tujaribu hapa uani, wanangu wanazo karata. Akakataa. "Nimetoa kafara nikae mbele ya mdogo wangu. Sikutoa kafara nije nichezecheze hapa. Karata nitaishika kule, siku hiyo." Ukishamjua mamamkwe wangu unajua hapo hakuna mlango wa pili.

Basi nikatafuta njia. Nikachukua daftari langu la hesabu, nikachana kurasa za nyuma, nikakata vipande arubaini. Kila kipande nikaandika karata moja: ree ya kopa, tano ya pao, mzungu wa pili wa uru, mpaka mwisho. Nikavichanganya kwenye kawa la kufunikia chakula. Mume wangu akapita, akatazama.

"Mama, hizo si karata hizo?"

"Hizo ni karatasi," akasema mamamkwe bila kuinua macho. "Na weye huna adabu."

Mchezo wetu ulikuwa hivi. Yeye anasuka ukili, vidole vinakwenda vyenyewe. Mie nachomoa vipande vinne, nasoma kwa sauti, kama wachezaji wanne wanaotia, na hiyo ndiyo zamu moja. Yeye aniambie nani kala, yaani nani kazichukua hizo nne, na hesabu imefika wapi, na karata gani kubwa bado hazijatoka. Vipande yeye havigusi.

Siku ya kwanza alipotea kwenye zamu ya nne. Nilisoma mzungu wa nne wa shupaza, akasema, "Huyo keshatoka." Hakuwa katoka. Nikamwonesha. Akanitazama kama mie ndiye niliyekosea, kisha akausukuma ukili kando, akaingia ndani kuswali sunna. Nikajisemea, kweli imeondoka. Sikufurahi, ingawa nilikuwa nimeshinda ubishi.

Siku ya pili ikawa afadhali kidogo. Siku ya tatu akanilaumu nasoma polepole, "Soma kama mtu anayetaka kushinda, si kama unayesoma barua ya msiba." Nikaharakisha. Akawa ananiuliza katikati ya kupika, katikati ya kufagia: "Leo seti ya pao ilitoka zamu ya ngapi?" Na mie nikalazimika kukumbuka, nikaanza na mie kuhesabu kichwani. Jioni darasani mwalimu alitupa hesabu za kujumlisha kwa kichwa, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Sikumwambia mwalimu nimejifunzia wapi.

Siku ya sita nikamfanyia hila. Kabla hatujaanza nilitoa kipande kimoja nikakichomeka chini ya mkeka. Nikasoma haraka haraka, nyingine zote, na zamu ya mwisho nikasoma vitatu, nikanyamaza. Ukili ukaendelea. Akasema:

"Bado moja. Mzungu wa tatu wa uru. Umemweka wapi?"

Nakwambia nywele zilinisimama. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, hakuona hata kipande kimoja, anasikiliza tu huku anasuka, na kashika karata thelathini na tisa kichwani. Nikainua mkeka nikamwonesha. Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya simu. Mume wangu alipokuja nikamhadithia, akatamba, "Nilikwambia haitoki."

"Ilitoka," nikamwambia. "Imerudishwa. Na kazi nimeifanya mie."

Jumapili tukaenda Wambaa na gari ya jirani. Njia nzima mamamkwe alishika tasbihi mkononi. Mama mdogo alitupokea mlangoni. Yeye ni kinyume cha dada yake: mfupi, kajaa, kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Siku ile kicheko hakikuwapo. Akampa dada yake mkono, akambusu kiganja kama inavyopasa, akasema, "Mkeka uko tayari."

Palikuwa na jirani yake mmoja, mwanamke wa maneno mengi, mke wa muuza pweza. Wa nne wao alikuwa kasafiri. Mama mdogo akanielekeza kwa kidole: "Weye mkwe, kaa hapo. Leo utakula kipigo cha wakwe zako wawili."

"Mie sijui kucheza, mama mdogo."

"Hujui, na umepanda gari kuja mkekani?" akadakia yule jirani. "Kaa mbele yangu, mwanangu, tuwapige hawa wazee. Kuogopa mkwe ni nyumbani, mkekani hakuna mkwe."

Basi nikakaa. Jirani mbele yangu, mamamkwe kulia kwangu, mdogo wake mbele yake. Karata zenyewe zilikuwa mpya, zile za plastiki, ndogo, zinang'aa na zinateleza. Mamamkwe alizipokea kumi zake, akazishika kama mtu aliyepewa samaki mbichi. Nikaona vidole vinahangaika kuzipanga. Karata za zamani zilikuwa nene, za karatasi, zimejaa jasho la mikono. Hizi zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Nikajua hapo hapo kuna kitu hatukukirudia kule uani. Tulirudia kichwa. Mkono hatukuurudia.

Turufu ilikuwa kopa. Tukaanza. Mama mdogo, nisiseme uongo, alikuwa moto. Anacheza kila wiki na inaonekana. Karata inatoka mkononi kabla hujamaliza kufikiri. Mamamkwe alikuwa mzito, anatazama, anagusa moja, anaiacha, anatoa nyingine. Jirani akaanza kumtania: "Dada, gari ya kurudi Wawi inaondoka Magharibi." Lakini karata aliyoitoa kila mara ilikuwa ndiyo. Mdogo wake alikuwa anajaribu kutomtazama, akashindwa. Zamu ya tatu mamamkwe alitia kijikarata kidogo ambacho mie sikukielewa, na mama mdogo akakielewa. Akatoa ree aliyokuwa kaiweka kwa hamu, akala kumi na tano kwa mpigo. Nikaona mdomo wake unatetemeka, unataka kucheka na unajizuia.

Zamu ya tano ikawa yangu kuanza. Nilikuwa na ree ya shupaza, nikaitia kwa maringo. Mamamkwe akatazama mkono wake, akatazama tena, akakata kwa mbili ya kopa. Jirani akatia takataka. Mama mdogo akatupa juu yake seti ya shupaza, kumi nzima, na hapo kicheko chake kikatoka chote, kile cha zamani.

"Ree na seti! Ree na seti, mkwe! Lia!"

Mamamkwe akatabasamu. Walikuwa wamevuka sitini hata kabla ya zamu ya nane. Jirani keshakata tamaa, anahadithia habari za pweza wa mumewe, karata anatia bila kutazama. Mama mdogo anacheka, anamwita "dada yangu, dada yangu," kama hajaonana naye tangu utotoni. Mie nikasema alhamdulillahi moyoni. Radhi zishapatikana.

Zamu ya tisa mamamkwe akatoa sita ya pao. Na nyuma ya ile sita, imeshikana nayo kama ngozi mbili za kitunguu, ikatokea tano ya shupaza.

Nimekaa ubavuni kwake, niliiona. Na nilikuwa nimeshahesabu, maana alinifundisha mwenyewe. Nilijua kuna shupaza moja haijatoka. Kwa hiyo ile ree yangu aliikata ilhali shupaza anayo. Kaficha. Hakukusudia, nyeusi juu ya nyeusi, karata ngeni, macho ya miaka sabini. Lakini kanuni haiulizi makusudio.

Niseme ukweli mbele ya Mungu: nilinyamaza. Nikateremsha macho kwenye mkeka. Nilijiambia ni heshima kwa mkwe. Jirani haoni, anasimulia. Mama mdogo haoni, anacheka. Zamu moja tu imebaki. Angeitia ile tano chini ya karata nyingine, angezikusanya zote pamoja, hakuna mtu angejua. Ameyapata aliyoyafuata. Miaka kumi na miwili imekwisha na ndege iko wiki inayokuja.

Mamamkwe aliitazama ile karata. Haikuwa muda mrefu, pumzi mbili tatu. Kisha akailaza katikati ya mkeka, uso juu.

"Nimeficha," akasema.

Jirani akasita. "Umefanya nini?"

"Ile ree ya mwanangu nilikata na mie ninayo hii. Nimeficha. Tumefungwa."

"Ah, dada, yaache hayo! Nani kaona?"

"Mie nimeona."

Kicheko cha mama mdogo kilikatika. Alikuwa bado kashika karata yake ya mwisho. Alimtazama dada yake, na mie nikaogopa. Nikasema sasa atalilipiza lile neno, na haki anayo, na ushahidi uko mkekani. Mamamkwe naye alikuwa anamtazama. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake:

"Siku ile, weye, ilikuwa hivi hivi?"

"Hivi hivi," akasema mdogo wake. "Uru ilinikaa nyuma ya kopa. Nyekundu kwa nyekundu. Taa ilikuwa mbovu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi? Neno lilishatoka, dada. Nikikwambia baadaye ungesema nimelitunga."

Mamamkwe akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, angesema hivyo, sote tulijua. Akatoa miguu aliyokuwa kaikunja, akapiga magoti. Mkubwa, mbele ya mdogo, na mbele ya mkwe wake na mke wa muuza pweza.

"Nilikwita mwizi mbele ya wanawake wa harusi nzima," akasema. "Hukuwa mwizi. Nilikuwa na aibu ya kufungwa, nikaitupa juu yako. Siombi radhi za nilipokukosea. Naomba radhi za neno hilo. Na nikirudi nikiwa hai, nitalisema kwa wale waliokuwapo, mmoja mmoja."

Mama mdogo akamshika mabega, akamwinua, hakumwacha abaki chini. Wakakaa hivyo wameshikana. Hata yule jirani alinyamaza, na nadhani kwake ndilo lililokuwa la ajabu kuliko yote. Mwishowe mama mdogo akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Radhi nimekupa, dunia na akhera," akasema. "Sasa changanya karata. Siwezi kukubali kufungwa na huyu mkwe asiyejua kucheza."

Walicheza mpaka muadhini alipoadhini Magharibi, na walitufunga mara nne. Mamamkwe kila akipokea karata alikuwa anazitenganisha moja moja kwa ukucha, kama anayetoa nywele ndani ya samli. Mdogo wake akamwambia, "Ukirudi kutoka Makka, kila Alhamisi. Mkono wako umelala." Akajibu, "Umelala, kweli."

Alisafiri, na mdogo wake ndiye aliyemfungia begi.

Sasa wewe ukiniuliza kama ujuzi wa karata unabaki bila mazoezi, nitakwambia nilichokiona. Hesabu iliondoka, ikarudi kwa siku sita. Kumjua mwenzake hakukuondoka hata kidogo, zamu ya tatu ilitosha. Mkono na jicho viliondoka, na vilimwangusha. Mume wangu bado anasema yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na mie bado namwambia aulize ile tano ya shupaza. Lakini nikiwa peke yangu ninalolifikiria si hilo. Nafikiria zile pumzi mbili tatu. Mwanamke yule hakuwa na muda wa kujitayarisha. Mie niliyekaa ubavuni, niliyeswali Alasiri safu moja naye, nilishindwa. Yeye akasema "nimeficha" kama mtu anayetaja jina lake. Kitu kile lazima alikuwa anakirudia kila siku pahala ambapo sisi hatumwoni.

Mie nimeanza kujizoeza. Kidogo kidogo. Juzi nilimwambia mwalimu wa jioni kuwa hesabu ya desimali aliyonisifia niliichungulia daftarini kwa mwenzangu. Alishangaa, akanipa nyingine.

Basi shoga yangu, nakuomba kitu kimoja. Usikae na hadithi hii peke yako. Majina sikukupa na usiyatafute, lakini habari yenyewe msimulie mtu, hasa yule unayemjua ana nduguye wa kusalimiana naye kwa midomo tu. Msimulie akiwa amekaa, ametulia, na usimwambie kwa nini umemchagua yeye. Naye mwambie amsimulie mwingine.